Mikono Kwenye Bango

Kila asubuhi, kabla bati halijashika joto, Kitinda alifagia gereji kuanzia ukuta wa nyuma kuja getini. Alinyunyiza mchanga mkavu juu ya madoa ya oili ya jana, akausugua kwa kisigino mpaka ukanywa, kisha akauzoa kwa sepetu. Baadaye alipanga spana juu ya kitambaa, ndogo kwa kubwa, akashuka kwenye shimo la kukagulia magari kukausha maji yaliyojikusanya chini. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo hakuhitaji kumjibu mtu, naye alikuwa binti wa maneno machache. Hata kumwambia mgeni "karibu" kulimtoa jasho.

Siku hiyo mchanga ulikuwa haujazolewa bado lori dogo lilipokuja kinyumenyume hadi getini na kuukanyaga wote. Wanaume wawili wakaruka chini na ngazi, kamba na kitu kirefu kilichoviringishwa kama mkeka.

"Sogea hapo, dada," mmoja akamwambia. "Usije ukaangukiwa na daktari."

"Daktari gani?"

Wakacheka tu. Wakapanda, wakafunga kamba huku na huku, wakaachia. Bango likafunguka kwa kishindo kama shuka linalokung'utwa, likaziba nusu ya mbele ya gereji. Juu kabisa alikuwa kaka yake, meno yote yakimng'aa, amevaa ovaroli nyeupe ambayo Kitinda hakuwahi kuiona. Maandishi mekundu yalisema: DAKTARI WA MAGARI. AKIGUSA, LIMEPONA.

Kitinda angecheka. Kaka yake hakuweza kufungua nati ya tairi bila kuomba msaada, na nyumbani hilo lilikuwa jambo la utani. Lakini macho yakamshuka mpaka chini ya kidevu cha kaka yake, mahali ambapo mikono miwili ilikuwa imezama ndani ya injini, mmoja umeshika spana, mwingine umeshika bomba. Kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kidole gumba hadi kifundo, palikuwa na kovu la kuungua, jekundu na la kung'aa. Kitinda akatazama mkono wake wa kushoto. Akatazama bango tena.

Aliikumbuka picha ile. Alikuwa ameinama kwenye injini ya ile pikapu iliyomuunguza, jeraha likiwa limeshafunga, kaka yake akamwambia, "Tulia hivyohivyo, Kitinda, nikupige picha ya kumbukumbu. Unajua mikono yako inafanana na ya baba?" Naye akatulia, amefurahi moyoni kama mtoto aliyebebwa. Sasa ile mikono ilikatwa kwenye mabega yake na kushonwa kwa mtu mwingine.

Ng'ambo ya barabara, Mama Vipuri alikuwa anafungua duka lake la vipuri. Mwanamke huyo hakupitwa na kitu, na alichokiona hakukaa nacho.

"Kitinda!" akapaza sauti. "Naona mikono yako imepata kichwa kipya!"

Kitinda akainama kuzoa mchanga. Masikio yalimwaka moto. Mchanga ulikuwa umechanganyika na matope ya magurudumu ya lori na haukuzoleka.

Walimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba, wa mwisho kwa mama yake. Baba yao, aliyeianzisha gereji ile, alimteremsha shimoni tangu akiwa mdogo kwa kuwa alienea pale ambapo mtu mzima alikwama, na alipotoka shimoni kwa mara ya kwanza alikuwa ameshapenda kazi. Kaka yake alipenda watu. Angeweza kusimama na mtu asiyemjua kwenye foleni na wakaachana wakiwa ndugu. Baba alipofariki, wateja wa mwanzo walikuja, wakainua macho, wakamwona binti mwembamba juu ya boneti, wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Mmoja alimuuliza fundi yuko wapi huku fundi akiwa ameshika plagi za gari lake mkononi.

Ndipo kaka yake akaja na wazo. "Wewe tengeneza, mimi niongee. Wao wanataka mwanaume wa kumtazama, basi wanitazame mimi."

Wakapanga na namna ya kuwasiliana. Kaka angesimama juu na mteja, Kitinda angekuwa chini, na angegonga chesisi, ule uti wa chuma wa gari, kwa spana. Pigo moja: gari tayari. Mawili: bado. Matatu: gari hili lisiguse barabara. Kaka yake akisikia pigo, angetikisa kichwa kwa mapana na marefu kama mtu aliyewaza, kisha akamwambia mteja jibu. Ilikuwa kama mchezo. Jioni walikuwa wanacheka mpaka machozi wakimsimulia mama jinsi mteja fulani alivyomsifu kaka kwa "sikio lake la injini". Na Kitinda, kusema kweli, alipumua. Alikingwa na macho ya watu. Chini ya gari hakuna anayekuuliza swali.

Lakini kicheko kilizeeka. Kitinda alisoma chuo cha ufundi, akapata cheti, na cheti kikatundikwa chumbani kwa mama kwa sababu kaka alisema wateja wakikiona gerejini wataanza kuuliza maswali. Gereji mpya ilifunguliwa mbele kidogo, yenye vigae na viti vya kukalia, na wateja wakaanza kupungua. Kaka yake akahangaika: akagawa vikaratasi barabarani, akafungua ukurasa mtandaoni, akatembea mpaka soli zikaisha. Hilo Kitinda hakumnyima. Kaka yake alikuwa mchapakazi. Yeye alikuwa na haja moja tu, ndogo kiasi cha kumtia haya hata kuitamka: siku moja, mbele ya mteja, kaka yake aseme fundi ni nani.

Badala yake lilikuja bango.

Kaka alifika akiwa ameongozana na kijana wa matangazo, waliyemwita Mtaalamu. Alikuwa na simu juu ya mguu wa chuma, kipaza sauti chenye manyoya, na viatu vyeupe pe ambavyo alivitembeza gerejini kama anayevuka mto kwa mawe.

"Kitinda mdogo wangu!" Kaka akafungua mikono. "Umeliona? Sema kweli. Si linaua?"

"Ile ni mikono yangu."

"Si ni ya familia?" Akacheka, akampiga bega. "Mtaalamu anasema watu wanaamini mkono ulioungua. Mikono yangu mimi ni laini, ingetuharibia biashara."

"Mkono laini hauuzi," Mtaalamu akaunga mkono bila kuinua macho kwenye simu. "Mkono wenye historia ndio unauza."

Kitinda alikuwa na la kusema. Kilichotoka kilikuwa kingine kabisa.

"Kibasi cha Mwalimu hakijawa tayari."

Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye shule ya chekechea, na kibasi chake ndicho kilichobeba watoto kwenda na kurudi. Siku hiyo alikuwa aje kukichukua, mubashara, mbele ya watazamaji wote wa ukurasa wa gereji. Ndilo lilikuwa tangazo lenyewe: Daktari anamkabidhi mgonjwa aliyepona.

"Kina nini tena?" Kaka akauliza, tabasamu likipungua.

"Pampu ya breki imechoka kwa ndani. Ukikanyaga, pedali inashika, halafu inazama polepole, kama mguu kwenye tope. Nyingine inafika kesho kwa Mama Vipuri. Nilikuambia jana."

"Kwani hakitembei?"

"Kinatembea. Kusimama ndiyo kazi."

Kaka akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Basi kitembee mpaka getini tu. Apande, awashe, acheke, tumalize, ashuke. Kesho unafunga hiyo pampu yako. Mtaalamu nimempata leo kwa mbinde."

"Mwambie kabla hajapanda."

"Nitamwambia."

"Kwa mdomo, Kaka."

"Nimesema nitamwambia! Kitinda, wewe unafikiri tairi zinajileta hapa zenyewe? Mimi ndiye ninayekesha nikiwaza watu watatoka wapi. Shuka shimoni, na tafadhali usije ukaingia kwenye picha."

Akashuka. Alishuka kwa sababu alizoea kushuka, na kila ngazi aliyoikanyaga alijichukia kidogo. Kibasi kilikuwa juu yake kimefunika shimo kama kifuniko cha sufuria. Huko chini aliwajua watu kwa viatu. Viatu vyeusi vya kaka, vipya. Viatu vyeupe vya Mtaalamu, tayari vimeshapata tone la oili kwenye ncha. Mara zikaja ndala za ngozi zilizolika visigino, za mtu anayesimama kutwa: Mwalimu.

"Tuko mubashara!" Mtaalamu akasema.

Sauti ya kaka ikabadilika, ikawa nene na tamu kama ya redioni. Akawakaribisha wapenzi watazamaji. Akawaeleza habari za ile pikapu iliyokataliwa na mafundi wote, jinsi alivyoilalia mchana kutwa, jinsi alivyoifungua gia boksi kipande kwa kipande, jinsi alivyoungua mkono na hakuacha. Kitinda alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa shimo. Maumivu ya lile jeraha aliyakumbuka vizuri. Kaka yake siku ile alikuwa kwenye arusi ya rafiki.

"Wanaongezeka," Mtaalamu akanong'ona. "Endelea, endelea."

"Na leo mgonjwa wetu ni huyu hapa. Mwalimu, kibasi chako kilikuja hapa hoi. Sasa hivi ni kijana! Panda uonje."

Mlango ukafunguka, kibasi kikainama upande mmoja kwa uzito wake. Kitinda akasubiri. Sasa, akasema moyoni. Sasa amwambie.

"Kwa hiyo naondoka nacho kabisa?" sauti ya Mwalimu ikauliza, imejaa furaha. "Maana watoto wananisubiri niwarudishe makwao. Jana walitembea juani mpaka mmoja akalala njiani."

Viatu vyeusi havikusogea. Vyeupe vikasogea karibu navyo. Kitinda alijua kaka yake anatazama nini: anatazama ile simu, na watu wasioonekana waliokuwa ndani yake wakimtazama.

"Ondoka nacho, Mwalimu! Akigusa Daktari, limepona!"

Kitinda akagonga. Alipiga chesisi kwa spana kubwa kuliko zote, mara tatu, kwa nguvu mpaka kutu ikamwangukia usoni.

Kaka alisikia. Haikuwezekana asisikie, hata ndala za Mwalimu zilisikika zikiruka kwenye pedali. Kisha kaka yake akacheka, kicheko kile cha redioni.

"Mnasikia, wapenzi watazamaji? Injini yenyewe inapiga makofi!"

Mtaalamu akacheka. Mwalimu naye akacheka, maskini, na akawasha gari.

Kitu kilichomjia Kitinda hakuwa amewahi kukutana nacho. Miaka yote hasira yake ilikuwa ya kulia. Ilimjia na donge na machozi, ikaisha kwa kujifungia chumbani. Hii ilikuja kavu. Hakukumbuka baadaye alivyopanda zile ngazi za nyuma ya shimo. Alijikuta juu, kwenye mwanga, kutu kwenye nyusi, anapita kati ya ile simu na kaka yake, na watu wote waliomo ndani ya simu wakamwona jinsi alivyo. Akaingiza mkono dirishani, akazima gari, akachomoa ufunguo.

"We!" Mwalimu akashtuka, akashika mkoba wake. "Nini hiki?"

"Samahani, Mwalimu." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Breki bado."

"Bado? Na wewe ni nani?"

Kaka akawahi. Aliingia katikati na tabasamu lake limekakamaa usoni kama gundi iliyokauka. "Ni mdogo wangu, Mwalimu, usijali. Huyu hutusaidia usafi. Ana woga wa kamera, leo naona umempanda kichwani."

"Usafi!" Mama Vipuri akapayuka kutoka ng'ambo. Alikuwa ameacha duka na mteja ndani, amesimama ukingoni mwa barabara mikono kiunoni. "Ee, kaka mtu! Usafi! Huo ulimi unaulazaje usiku?"

Kitinda hakumtazama kaka yake. Alijua akimtazama ama atalia ama atarusha spana. Akamtazama Mwalimu.

"Kanyaga breki, Mwalimu. Kaza. Usiachie mguu."

Mwalimu akakanyaga, nusu kwa kutoamini. Mwanzoni uso wake ulisema, mbona iko sawa. Kisha uso ukabadilika.

"Inaenda," akasema. "Mbona inaenda chini? Mimi sijaongeza nguvu. Inaenda tu."

"Ikifika chini kabisa, kibasi hakisimami. Kwenye tambarare ungeweza usijue. Kwenye mteremko ungejua."

Mwalimu akaondoa mguu kwenye pedali kana kwamba imemchoma. Akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta. "Shule yangu iko chini ya mteremko," akasema polepole. "Ningekuwa nimewapakia wote." Akashuka. Alikuwa mfupi kwa kaka, lakini kaka alirudi nyuma hatua. "Daktari. Nimekuuliza, naondoka nacho kabisa? Umenijibu nini?"

"Mwalimu, ilikuwa ni kwa ajili ya tangazo tu, nilikuwa niku..."

"Umenijibu nini?"

Mtaalamu alikuwa amekaribia, anahema kwa furaha, kipaza sauti chake chenye manyoya kimemfikia Kitinda puani. "Usizime, usizime, watu wanamiminika! Dada, sema neno. Jitambulishe. Wanauliza wewe ni nani!"

Kitinda akaitazama simu. Ile aibu yake ya siku zote ikamrudia yote kwa mkupuo. Akageuza uso akauficha kwenye bega.

"Zima hicho kidude," Mwalimu akamwambia Mtaalamu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa zima. "Zima, au nikizime mimi."

Mtaalamu akazima. Akasogea pembeni, akaanza kufuta ncha ya kiatu chake kwa kidole, na hakuna aliyemjali tena.

Mwalimu akashusha pumzi. Akatoa vitu vyake garini: mwamvuli, chupa ya maji, mfuko wa viatu vidogo vidogo vilivyosahauliwa na watoto. "Nitakiacha hapa," akasema. "Kwa kuwa kimeshafunguliwa, na kwa kuwa kuna mtu mmoja hapa aliyekuwa na huruma na watoto wa watu. Sasa kesho nikija, nimuulize nani?"

Kitinda alimgeukia kaka yake. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu atoke shimoni, na alimtazama kwa tumaini. Hasira ilikuwa bado inamchemka, lakini tumaini lilikuwa juu yake kama povu. Njia ilikuwa wazi. Mtu mwenyewe alikuwa ameuliza. Lilibaki neno moja.

"Mimi, Mwalimu," kaka akasema, kwa mazoea, mkono kifuani. "Niulize mimi tu."

"Usimwambie hivyo," Kitinda akasema.

"Kitinda, tutaongea nyumbani."

"Usimwambie akuulize wewe. Kesho akikuuliza utamjibu nini? Pampu ya breki iko wapi kwenye hili gari? Nionyeshe."

Kaka akatazama kibasi, akatazama watu. "Umenivua nguo mbele ya kila mtu," akasema, na sauti ya redioni haikuwemo tena. "Mimi niliyekukinga. Hao wateja walipokuwa wanakutazama kama uchafu, nani alisimama mbele yako? Kama ulikuwa unataka kuongea na watu, kuna siku nilikuziba mdomo? Kipaza sauti ungeomba. Ningekupa!"

"Sikitaki!"

Alipiga kelele. Mama Vipuri aliishusha mikono kutoka kiunoni. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile, hata mwenyewe. Ilipanda mpaka kwenye bati na kurudi.

"Sitaki kuongea na watu, sijawahi kutaka, na wewe unajua. Bango baki nalo. Nilitaka unitaje. Wewe, Kaka, kwa huo mdomo wako usiochoka. Mteja akiuliza nani katengeneza, useme ni mdogo wangu, fundi ni yeye, halafu uendelee na hadithi zako. Basi. Hicho tu. Nimekaa humo chini nikisikiliza viatu vyenu, na kila mteja akija najiambia huyu ndiye, leo atasema. Leo nimegonga. Umejua ni mimi, ukasema ni injini."